Barua ya wazi kwa Hakimu Mkuu: Shangazi hakukataa kusema ukweli

Mheshimiwa,

Mwezi uliopita shangazi yangu, mama wa miaka 74, alipanda kizimbani kutoa ushahidi wa mpaka wa shamba. Siku hiyo hukuwa umekaa wewe. Karani akamnyoshea Biblia. Shangazi akaipokea kwa mikono miwili, akavaa miwani, akafungua Mathayo 5 na kuweka kidole kwenye mstari wa 34: “Usiape kabisa.” Watu wakacheka. Ikaonekana anapoteza muda, akaambiwa ashuke, kesi ikaahirishwa.

Shangazi ni wa Kanisa la Marafiki, wale Wakweka ambao wamisionari wao walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Kwake yeye, ukiapa mahakamani umeshakiri kwamba huko nje neno lako si la kuaminika. Jirani zetu Waanglikana na Wakatoliki huapa bila wasiwasi, na hutukumbusha kwamba hata Paulo alimwita Mungu kuwa shahidi wake. Mimi mwenyewe, mtoto wa kanisa hilohilo, niliwahi kuapa ili nirudi nyumbani mapema. Shangazi hana haraka zangu.

Wala si ukaidi wa kijijini. Mwaka 1664, huko Lancaster, Uingereza, George Fox, mwanzilishi wa Wakweka, alipewa Biblia aape. Akawajibu majaji kwamba kitabu hicho ndicho kinachomkataza. Mbona wasikifunge chenyewe? Wakamfunga yeye. Mwaka huohuo Mkweka mwenzake, Margaret Fell, akahukumiwa kifungo cha maisha na kupoteza mali yake, naye kwa kukataa kiapo. Hadi 1696 ndipo Bunge lao likawaruhusu Wakweka wathibitishe, yaani waahidi rasmi kusema kweli, badala ya kuapa, tena si katika kesi za jinai.

Sisi sheria tunayo tayari. Sura ya 15 ya sheria za Kenya inasema anayepinga kiapo kwa sababu ya imani yake, au kwa kuwa hana dini, aruhusiwe kuthibitisha. Hata kiapo cha Rais ndani ya Katiba kina maneno yote mawili.

Naomba basi karani aulize, “Utaapa au utathibitisha?” kabla hajanyosha kitabu. Na pale mezani, kando ya Biblia na Kurani, pawe na kadi ya maneno ya uthibitisho kwa Kiswahili, herufi kubwa tafadhali, maana miwani ya shangazi ina ufa. Kesi itasikizwa Jumanne ijayo saa tatu. Atakuja na bodaboda, na hataapa.

Wako mtiifu,
Mpwa wa shahidi