Ratiba ya Sayansi iangalie maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako. Mimi ni mwalimu wa Sayansi wa darasa la nne, mwambao wa Tanga.

Kwa miaka mingi nimeandika ubaoni kwamba makazi ya viumbe hai ni nchi kavu na majini. Watoto wananakili, tunaendelea. Mwaka huu mtoto wa mvuvi akanyoosha mkono: “Mwalimu, na kaa wa kwenye mikoko tumweke wapi?” Sikumjibu. Niliwapeleka wote mikokoni, mwendo wa dakika 15 tu kutoka shuleni.

Kila kundi lilitandaza kamba matopeni, mraba wa mita moja kila upande: mmoja chini ya mikoko, mwingine pale miti ilipokatwa. Kabla ya kuhesabu mashimo ya kaa, kila mtoto aliandika makisio yake. Karibu wote walisema kivulini yatazidi. Yakazidi pasipo na miti! Halafu msichana mmoja akauliza: shimo lisiloonekana kaa, tulihesabu? Walibishana mpaka sauti zikapanda, wakakubaliana kuhesabu yote, ila lile ambalo kaa ameonekana akiingia liwekewe alama. Hatua za uchunguzi wa kisayansi nimezifundisha miaka yote hii. Siku hiyo niliziona zikitumika bila mimi kuzitaja.

Mwingine alilamba jani la mchu, mti mmojawapo wa mikokoni, lina chumvi. Akalamba la mkoko wenyewe, halina. Mchu huitoa chumvi kwa majani, mkoko huizuia kwenye mizizi, lakini sikuwaambia. Nilitaka walale na swali hilo. Kesho yake walikuja na majibu ya babu zao, na mengine yalikuwa sahihi.

Kinachotukwaza ni ratiba. Kipindi ni dakika 40, na Sayansi ina siku zake zilezile kila wiki. Maji kila siku huchelewa kupwa kwa kiasi cha dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huku kwetu hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Wiki inayofuata, siku za maji mafu, kujaa na kupwa kunapokuwa kudogo, saa nne hiyohiyo yamejaa. Mara ya pili nilipowatoa watoto, mkaguzi mmoja alikuta darasa tupu, akaandika kwamba napoteza vipindi. Iliniuma, kwa sababu madaftari yao yalikuwa mezani na hakuyafungua.

Naomba wanaosimamia elimu waziruhusu shule za pwani kuunganisha vipindi viwili vya Sayansi siku za bamvua, mara mbili kwa mwezi, na somo jingine lihamie siku ya pili. Tarehe hizo si za kutafuta. Kina mama wanaookota tondo, konokono wa mikokoni, wanazijua kwa kuutazama mwezi.

Kwa nini mashimo yalizidi pasipo na miti, darasa langu bado halijapata jibu. Kamba zimekunjwa kabatini, na watoto wananiuliza kila asubuhi zimebaki siku ngapi.

Mwalimu wa Sayansi,
Tanga