Meli inayovuja itakimbilia bandari gani?

Kwako Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu mfumo wa Ulaya wa kufuatilia meli, ule wa SafeSeaNet unaoendeshwa na wakala wa usalama wa baharini wa Umoja wa Ulaya kutoka Lisbon. Mwandishi amesifu sana setilaiti, minara na skrini kubwa, akamalizia kwamba nasi tukinunua vifaa kama hivyo bahari yetu itakuwa salama. Mimi nimekula mkate wa ubaharia miaka mingi, mingi yake katika maji hayo hayo ya Ulaya. Naomba nafasi niseme kwamba kiini cha sheria ile kimemponyoka.

Mwaka 2007 nilikuwa mshika sukani kwenye meli ya shehena iliyotoka Afrika Magharibi ikielekea Rotterdam. Usiku ule kabla hatujafika Finisterre, rasi ya kaskazini-magharibi mwa Hispania, usukani ulikataa mara mbili. Nazungusha, meli haifuati. Mara ya pili tulikwenda mrama dakika kadhaa mpaka mafundi walipoamsha pampu ya akiba. Kulipokucha kituo cha Finisterre kikatuita redioni na maswali yake ya kawaida: jina la meli, mtokako, muendako, mko watu wangapi, mna mzigo wa hatari? Halafu, kuna hitilafu yoyote? Nahodha alikuwa ameshika kipaza sauti, kidole gumba kiko juu ya kitufe, hakibonyezi. Sote mle ndani tulijua kwamba akisema kweli, wakaguzi watatungoja bandarini na kampuni itataka kujua kwa nini meli imechelewa. Akabonyeza, akasema.

Siku moja na nusu baadaye tulikuwa tumeivuka Ghuba ya Biscay, tunaingia eneo la Ouessant upande wa Ufaransa. Nchi nyingine, kituo kingine. Tumetaja jina la meli tu, sauti ikauliza: "Usukani wenu unaendeleaje sasa?"

Hiyo ndiyo sheria yenyewe, Mhariri. Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2002/59, la tarehe 27 Juni 2002, linataka meli ya tani 300 na zaidi inayokwenda bandari ya nchi mwanachama itoe taarifa angalau saa 24 kabla ya kufika. Linamtaka mwenye mzigo wa hatari aseme ni kitu gani kabla haujapakiwa. Linamtaka nahodha aripoti hitilafu, mafuta yaliyomwagika, hata kontena aliloliona linaelea. Na kituo kilichopata habari ya meli yenye kasoro, au iliyokatazwa bandari, kina wajibu wa kuipeleka kwa vituo vya nchi zilizo njiani kwake. Skrini inaonyesha meli ilipo. Usukani wetu mbovu haukuonekana kwenye skrini yoyote. Ufaransa iliujua kwa sababu nahodha alisema na Wahispania hawakuyakalia maneno yake.

Agizo hilo lilizaliwa na mafuta ya Erika, meli iliyokatika vipande viwili karibu na Brittany, pwani ya Ufaransa, tarehe 12 Desemba 1999. Lakini lililofuata ndilo linaloniuma zaidi. Wino wa sahihi haujatimiza miezi mitano, na nchi zikiwa zimepewa hadi Februari 2004 kulitekeleza, meli ya Prestige ikapasuka ubavu katika dhoruba karibu na Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, tarehe 13 Novemba 2002. Ilibeba tani 77,000 za mafuta mazito. Kila mtu alijua ilipo na ina nini. Nahodha, Apostolos Mangouras, aliomba mahali pa kujisitiri. Hispania ikaamuru ikokotwe mbali na pwani. Siku kadhaa ikaburutwa katika bahari iliyochafuka, tarehe 19 ikakatika na kuzama, na mafuta yakaenea hadi fukwe za Ufaransa. Mangouras, mzee wa miaka 67, akawekwa rumande siku 83.

Habari zilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu mwenye ujuzi na mamlaka ya kusema, "Iingizeni hapa." Ndiyo maana mwaka 2009 agizo likarekebishwa: kila nchi iwe na mipango ya mahali pa kuhifadhi meli iliyo hatarini, na iwe na mamlaka yenye utaalamu, inayoweza kuamua yenyewe papo hapo. Meli isifukuzwe kwa sababu tu haina hati ya bima. Na nchi zikumbushwe miongozo ya kimataifa ya kuwatendea mabaharia kwa haki baada ya ajali. Nahodha anayejua kwamba atafungwa atakitoa kidole chake kwenye kitufe, na hapo mfumo wote unakuwa kiziwi.

Sisemi Ulaya imefaulu. Mwaka 2012 meli ya makontena ya MSC Flaminia, yenye bendera ya Ujerumani, iliungua katikati ya Atlantiki mwezi Julai na ikafika bandari ya Wilhelmshaven, Ujerumani, mwezi Septemba, huku nchi za pwani zikisitasita kuisogeza karibu. Lakini angalau pana sheria ya kuwashikia.

Huku kwetu Bahari ya Hindi tumeyaona. Mwaka 2021 meli ya X-Press Pearl ilikuwa na kontena la asidi ya naitriki linalovuja. Bandari ya Hamad huko Qatar hawakulipokea, Hazira huko India hawakulipokea. Meli ikaungua nje ya Colombo na kuzama, na fukwe za Sri Lanka zikafunikwa na punje za plastiki.

Mombasa na Dar es Salaam si wageni wa kupashana habari. Chini ya Kanuni za Djibouti za mwaka 2009 miji hii miwili, pamoja na Sana'a, ndiyo iliyopewa vituo vya kupokea na kusambaza habari za uharamia, na marekebisho ya Jeddah ya mwaka 2017 yakapanua wigo huo hadi uhalifu mwingine wa baharini. Wanaokaa kwenye redio hizo ni vijana wetu, na wanajua kazi.

Kwa hiyo badala ya bei ya skrini, naliomba gazeti lako liulize jambo moja katika bandari hizo mbili. Saa nane usiku meli ya mafuta inaita kutoka nje ya mlango wa Kilindini, ubavu umepasuka, upepo wa kusi unavuma. Nani anayejibu "ingia" au "usiingie" bila kumpigia mtu mwingine simu? Sitaki jina lake, cheo chake kinatosha. Mkikipata, kichapisheni.

Baharia mstaafu,
Likoni, Mombasa