Kile kipande cha saipresi

Niaje Wekesa,

Juzi kwa simu uliniuliza kile kipande cha saipresi ulinipea Elburgon kiko wapi nikakwambia kiko tu. Nilikudanganya bro, kiliungua.

Nilikiweka kwa maikrowevu ya auntie hapa Kisumu (usimwambie, anadhani ule moshi ulitoka kwa jirani), dakika kama nne hivi bila kupumzika, nikaskia paa! Kukitoa naona nje ni safi kabisa, ila kwa kichwa kimepasuka na maji yanachemka hapo yakitoa povu. Nikakipasua na msumeno. Katikati makaa matupu.

Na modeli yangu, ile hesabu ya kompyuta ya kukisia vile mbao itakauka, ilikuwa imesema kila kitu kitakuwa sawa, hiyo ndio iliniuma. Unajua kwa tanuri ya kawaida moto unaingia kutoka nje polepole, lakini maikrowevu joto linazaliwa ndani ya mbao kwenyewe, pale maji yako, kwa sababu mawimbi ya maikrowevu yanatingisha maji mara bilioni 2.45 kwa sekunde, mvuke unajaa na kama hauna njia ya kutoka unapasua ubao. Mimi nilikuwa nimeandika joto ni moja kila mahali. Uvivu tu. Kumbe mawimbi yanagongana ndani ya ile boksi, kuna sehemu zinachomeka na zingine karibu baridi, halafu mbao ikikauka inameza nguvu tofauti na ile ilimeza ikiwa mbichi, kwa hivyo kila hatua lazima kompyuta ihesabu mawimbi, iende kwa joto, iende kwa maji, irudi tena kwa mawimbi. Sahi laptopu inanguruma usiku kucha kama lori ya mbao ikipanda Mau Summit.

Lakini usikimbie kununua mashine. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke inakula kama yuniti 0.63 ya stima, na hiyo ni kama hakuna kitu kinapotea, na ubao wako mbichi umebeba kilo kadhaa. Mimi naona upepo wa Elburgon ufanye kazi ya bure kwanza, unyevu ushuke mpaka karibu asilimia 30, maikrowevu imalizie. Ila hapo ndio mbao huanza kujikunja, so ni pole pole.

Sasa nisaidie. Nikatie vipande vitatu kutoka ubao mmoja mbichi, kimoja cha mwisho na viwili vya katikati, visikuwe na vifundo, vipime kwa mzani siku hiyo hiyo, uandike uzito juu na kalamu, kisha ufunge na nailoni kabisa ndio maji yasitoroke njiani. Nitavikausha kwa oveni ya maabara digrii 103 mpaka uzito ugome kushuka, ndio nijue maji yalikuwa ngapi kweli, si hii ya kukisia.

Weka kwa matatu ya asubuhi, pesa ya mzigo nakutumia na M-Pesa. Salimia mama watoto.

Oti