Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyoagiza, ninawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu cha wapiga picha kwa mwaka 2024. Mikutano ya kawaida ilifanyika na mihutasari yake iko kwa katibu. Hesabu atazisoma mweka hazina. Sehemu kubwa ya taarifa hii nimeitenga kwa kambi ya Msimbati, pwani ya Mtwara, na kazi ya kuhariri picha iliyofuata, kwa kuwa humo ndimo lilimozuka jambo ambalo mkutano huu unatakiwa kuliamua: nini kifutwe katika picha zetu, na nini kiachwe.

Kambi ilifanyika tarehe 2 hadi 5 Agosti, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 650. Tarehe hizo zilichaguliwa kwa makusudi. Mwezi ulikuwa unaandama, hivyo tulipata giza la kutosha kwa picha za nyota, na bamvua lake, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, liliacha wazi miamba na majani ya bahari ambayo wakati wa maji mafu hayaonekani. Tulichosahau, sisi watu wa pwani, ni kwamba huku kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwa kali. Waliokuwa na kichujio cha polaraizi waliweza kuondoa mng'ao juu ya maji na kuipata rangi halisi ya viti vya pweza, wale wanyama wa bahari wenye umbo la nyota. Wengine walirudi na weupe mtupu. Na maji yanayopwa saa nne asubuhi hujaa saa kumi alfajiri: hema lililofikiwa na maji usiku wa pili lilikuwa la mwenyekiti mwenyewe, aliyekuwa amewahimiza wenzake wote wajenge juu ya mstari wa takataka za bahari, ambao huonyesha maji yanapofikia.

Nyangumi nundu, ambao miezi hiyo hupanda kutoka bahari ya Antaktika kuja kuzaa katika maji yetu ya vuguvugu, tuliwaona kwa mbali. Picha zao hazifai kuonyeshwa.

Uhariri ulifanyika Mtwara mjini kwa Jumamosi sita, na kwa maoni yangu ulitufundisha zaidi kuliko kambi yenyewe. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kinachoonekana ni cha kijivu, kwa hiyo mchanga mweupe wa Msimbati ulitoka umefifia na kuwa mweusi-mweusi karibu kwa kila mtu aliyeiachia kamera iamue. Waliohifadhi faili ghafi (RAW, yaani picha ambayo kamera haijaichakata) za biti 14, zenye ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi, waliunyanyua mchanga huo bila madhara. Waliohifadhi JPEG, faili ambayo kamera imekwisha kuichakata na kuibana, yenye ngazi 256 tu, walipojaribu hivyo hivyo waliona vivuli vikichafuka na anga likigawanyika mistari. Tangu sasa ninashauri faili ghafi ziwe sharti katika kila safari ya chama.

Tatizo la pili lilikuwa vumbi. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, na waliobadilisha lenzi ufukweni waliingiza chembe kwenye sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Kwa upenyo mpana wa lenzi hazionekani, lakini kwa upenyo mwembamba wa f/16, ambao wengi waliutumia ili miamba ya karibu na upeo wa bahari vionekane vizuri pamoja, anga lilijaa madoa. Madoa hayo tuliyafuta moja baada ya jingine, na hakuna aliyelalamika.

Malalamiko yalianza pale mwanachama mmoja alipotumia kifutio hicho hicho kuondoa chupa ya plastiki iliyokuwa mchangani, katika picha ambayo wengi tulikuwa tumeipendekeza kwa maonyesho yetu. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ngumu kuijibu papo hapo: kama doa linafutwa, kwa nini chupa isifutwe? Nimelitafakari jambo hilo kwa muda mrefu, na jibu langu ni kwamba vumbi lilikuwa ndani ya kamera, ilhali chupa ilikuwa Msimbati. Kwa kipimo hicho hicho ninaona mwanga wa manjano wa taa za mitambo ya gesi, unaoonekana chini ya nyota katika picha zetu za usiku, ubaki ulivyo, ingawa baadhi yenu mliupunguza kwa ustadi mkubwa. Kurekebisha mwangaza, kusawazisha rangi, kunyoosha upeo na kukata kingo kuruhusiwe. Kuongeza au kuondoa kilichokuwepo mbele ya lenzi kusiruhusiwe kwa picha zinazotoka kwa jina la chama.

Wajumbe wawili wa kamati hawakubaliani nami, na watapewa nafasi ya kusema kabla ya kura, ambayo itapigwa mara baada ya taarifa ya mweka hazina. Picha ya chupa imechapishwa kwa namna zote mbili na imetundikwa karibu na mlango. Tafadhali iangalieni kabla hamjakaa.

Mwenyekiti