Mwanangu, kabla hujawajibu

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako, kwamba umeombwa uwe mjumbe wa bodi ya shirika, niliusoma asubuhi nikitoka kanisani, mchana nikamsomea baba yako. Yeye akasema palepale, "Akubali, ni heshima." Unamjua baba yako, kwake kila kiti chenye mto ni heshima. Mimi nimeona nisikujibu kwa simu, maana tungeishia kwenye habari za wajukuu na mafua yao. Nakuandikia, na nitaandika kirefu.

Unasema shirika linatetea kilimo hai, kile cha bila kemikali za viwandani, wanakutaka kwa sababu wewe ni mhasibu, na mikutano ni minne tu kwa mwaka. Hiyo "minne tu" na mimi niliambiwa. Nilikaa kwenye bodi ya shirika la namna hiyo miaka tisa, tangu nilipostaafu kwa hiari mwaka 2015. Ulikuwa ukiniona naondoka na mkoba Alhamisi, narudi Jumamosi. Hukuwahi kuniuliza nafanya nini huko, nami sikuwahi kukueleza.

Nianzie mbali. Ubibi shamba niliuanza Mbinga, mkoani Ruvuma, mwaka 1983, nina miaka 23, cheti mkononi, baiskeli ya serikali na agizo moja: wakulima wapande kwa mistari, watumie mbolea ya chumvichumvi. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma ndiyo mikoa iliyotegemewa kwa mahindi, na mbolea nyingi ilielekezwa huko. Nikawakuta Wamatengo, wenyeji wa huko, wana ngoro zao, mashamba ya mashimo. Ukiangalia kwa mbali, mlima mzima unafanana na sega la nyuki. Wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, yanafanya miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani yale. Linabaki shimo, na kuta zake nne zina majani yanayooza ndani kwa ndani. Maharage na mahindi hupandwa juu ya kuta hizo, kwa zamu.

Nikawaambia waache. Walime matuta marefu ya kisasa. Mzee mmoja hakubishana nami hata kidogo. Alingoja mvua kubwa ya Desemba, kesho yake asubuhi akaja kunigongea. Kwanza alinipeleka kwenye shamba la mfano nililolima mwenyewe na wanafunzi wa shule ya msingi. Matuta yamekatika, na korongo limefunguka ambalo lingemeza ile baiskeli. Kisha tukapanda shambani kwake. Mashimo yamejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yametulia, kila shimo na chura wake. Likijaa la juu linamwagia la chini, na udongo uko palepale. Mzee akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, aliyekutuma alishawahi kufika huku?"

Swali lile lilinipotea zaidi ya miaka thelathini.

Sasa bodi. Mkutano wa kwanza utafurahi. Kuna chai, sambusa, karanga, na kabrasha nene ambalo limetumwa usiku wa kuamkia mkutano na hakuna aliyelisoma. Mwenyekiti anauliza kama akidi imetimia, mnathibitisha muhtasari, mnaingia kwenye yatokanayo, na ikifika saa saba kila mtu anasema "naunga mkono hoja" kwa sababu wali unapoa. Utasikia neno "uchechemuzi" mara arobaini. Ndiyo kazi yenyewe, kusukuma sera zibadilike, ila mimi mpaka leo nikilisikia namwona mtu anayechechemea.

Ugumu wa shirika la utetezi ni kwamba halivuni gunia. Bodi ya chama cha ushirika inaweza kuhesabu magunia ghalani. Ninyi mtahesabu nini? Semina, matamko, picha na waziri. Mtu anaweza kukaa bodini miaka mitano, shirika likawa na jina zuri, na hakuna mkulima hata mmoja anayejua kwamba anatetewa.

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda vibaya, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ukapita shilingi 130,000. Serikali ikarudisha ruzuku kwa msimu wa 2022/23, mkulima aliyejiandikisha akawa anaupata kwa 70,000. Watendaji wetu wakakaa hotelini Dar siku mbili na kuandika tamko: fedha za ruzuku ya mbolea za viwandani zisitishwe, zipelekwe kwenye mboji, mbegu za asili na elimu ya ugani. Rasimu ikaletwa kwenye kundi la WhatsApp la bodi saa kumi na moja jioni, inatakiwa itoke kesho. Wajumbe wakaweka dole gumba mmoja baada ya mwingine. Na mimi nikaweka, nikiwa nimesimama ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba.

Wiki chache baadaye nikapanda Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, kwenye msiba. Tuko jikoni, wanawake kama kumi, tunamenya viazi. Jirani yangu namfahamu, ni wa kimojawapo cha vikundi vyetu, anafuga mbuzi wa maziwa, na samadi ya mbuzi wale ndiyo inayolisha matuta yake ya ngazi ya kabichi na njegere. Mkulima hai wa kupigiwa mfano. Picha yake ilikuwa kwenye jalada la ripoti yetu ya mwaka. Akaniuliza bila kuinua macho, "Mama, hivi ni ninyi mliosema redioni mbolea isije?"

Nikaanza kueleza habari za tindikali ya udongo. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akanifanyia hesabu. Samadi ya mbuzi watatu inatosha bustani ya karibu na nyumba. Shamba la viazi liko juu, mwendo wa saa nzima, na samadi anaipandisha kwa kichwa. Kwa hiyo kule juu yeye na shemeji yake wanagawana mfuko mmoja wa DAP, wanachanganya na majani waliyofukia. Miaka yote wamefanya hivyo. "Mngeniuliza," akasema, "ningewaambia mtuletee vyote viwili." Kiazi nilichokuwa nacho mkononi nilikimenya mpaka kikabaki kama gololi.

Usinielewe vibaya. Mimi bado naamini udongo usio na mboji haushiki hata hiyo mbolea unayoimwagia, na sehemu kubwa ya lile tamko ningeitetea leo. Kosa ni kwamba tuliandika "sisi wakulima wadogo tunasema", na mkulima mdogo mwenyewe hakuwa amesema. Safari hii aliyetuma bila kufika huku alikuwa mimi.

Tena ni Uluguru, kati ya mahali pote! Babu yako alikuwa akisimulia. Mwaka 1950 Waingereza walileta mpango wao wa kuokoa udongo wa milima hii, watu wakalazimishwa kuchimba matuta ya ngazi. Kwa karatasi nia ilikuwa njema, mmomonyoko ulikuwepo kweli. Ila hawakuuliza. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakachachamaa, fujo zikazuka, mpango ukafa. Na leo ukipanda Mgeta utakuta ngazi mlima mzima, wakulima wanazichimba wenyewe, kwa sababu ngazi hizo zina kabichi inayokwenda sokoni Dar. Ngazi kwa ngazi, mlima ni huohuo.

Kwenye mkutano uliofuata nilisimama nikaomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba nilipitisha kitu nisichokisoma vizuri. Mwenyekiti hakupenda. Baada ya ubishi wa vikao viwili tukaweka utaratibu: hakuna tamko linalotoka kabla halijasomwa kwa Kiswahili, kwa sauti, mbele ya vikundi vitatu, na waliyoyasema yaandikwe hata kama yanatuaibisha. Utaratibu huo una gharama yake. Mara moja ulituchelewesha mpaka Bunge la bajeti likapita tukiwa bado tunazunguka vijijini, na mkurugenzi alininunia mwezi mzima. Ana haki yake. Lakini mwaka huo tulijifunza kitu ambacho hakikuwa kwenye andiko lolote la mradi: kilichokuwa kikiwauma wale watu ni barabara, kabichi zinaoza kwenye lori lililonasa. Mfadhili wetu hakuwa na kifungu cha barabara. Hilo nalo bodi ndiyo ya kumwambia mfadhili, mkurugenzi ataogopa.

Kwenye fedha wewe ni fundi kuliko mimi, kwa hiyo nakupa kisa kimoja tu. Fedha za mashirika haya karibu zote zimefungwa, kila shilingi na mradi wake. Mfadhili mmoja akichelewa kutuma, wanakopa kwenye mradi wa mwingine kulipa mishahara, kwa nia ya kurudisha. Taarifa iliyoletwa bodini ilionyesha salio zuri kabisa, tukapiga makofi. Kumbe salio lote ni la mradi wa mbegu, na zaidi ya nusu ilishaliwa kwenye mishahara. Niliambiwa na mkaguzi wa nje, kwenye korido, anakoroga chai, akidhani tunajua. Hakuna aliyeiba. Ningependa mwizi awepo, ingekuwa rahisi zaidi kuamua. Tangu hapo tukawa tunakutana na mkaguzi kila mwaka bila mtendaji yeyote chumbani, na nakuomba udai hivyo tangu siku ya kwanza. Kumbuka pia Sheria ya NGO ya 2002 inataka ripoti na hesabu zilizokaguliwa zifike kwa Msajili kila mwaka. Vikikwama, jina lako ni mojawapo ya yatakayosomwa.

Posho? Chukua nauli na chakula. Kiasi ambacho ungeona haya kunitajia mimi, hicho ni kikubwa mno.

Nisikuvunje moyo, kuna siku nilitembea kwa madaha. Novemba 2023 nilikuwa Dodoma ulipozinduliwa Mkakati wa Taifa wa Kilimo Ikolojia Hai, wa kwenda hadi 2030. Ule mkakati haukuandikwa na shirika moja, ni kazi ya watu wengi wa miaka mingi, wengine walishatangulia mbele za haki. Baba yako atakuambia nilirudi naimba. Asubuhi yake nikakumbuka kuuliza umetengewa shilingi ngapi na kwenye kifungu gani cha bajeti ya wizara, nikaangaliwa kama mtu aliyeleta habari za madeni harusini. Wewe endelea kuuliza hivyo. Mkakati bila kifungu ni kitabu kizuri chenye picha.

Na mbegu, Mungu wangu, mbegu peke yake ni barua nyingine. Sheria ya mwaka 2003 imeacha mlango mdogo, mbegu za daraja la kuazimiwa: mkulima aliyesajiliwa anazalisha mbegu, anakaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya ubora wa mbegu, anawauzia wenzake wa karibu. Mlango huo umesaidia vikundi vingi. Lakini aina anazozalisha ni zile zilizosajiliwa. Fiwi za bibi yako, jamii ya maharage, zinazokaa kwenye kibuyu na majivu tangu kabla sijazaliwa, dukani haziwezi kuuzwa kama mbegu. Nimelia na jambo hili kwenye vikao mpaka wajumbe wakawa wananiita Mama Fiwi. Sikushinda.

Basi, nikubali au nikatae, ndilo swali lako. Usiwajibu wiki hii. Waombe kwanza vitu vitatu: katiba yao, uangalie kama mwanzilishi ana kikomo cha kukaa madarakani kama wengine, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu pamoja na barua ya mkaguzi kwa menejimenti, maana uchafu huandikwa kwenye barua ile, na namba ya simu ya mkulima yeyote mwanachama, sio yule wa kwenye picha. Mpigie jioni akiwa ametoka shamba. Usijitambulishe kwa vyeo. Muulize shirika hili anaona linafanya nini, kisha nyamaza, hata kama kimya kitakuwa kirefu. Wakikunyima kimoja, kataa kwa adabu. Wakikupa vyote, nenda, na mkutano wa kwanza uwe umelisoma kabrasha mpaka viambatisho.

Hesabu hizo ukizipata nitumie na mimi, miwani mpya ninayo.

Fiwi nilizokuahidi nimefunga kilo mbili kwenye gazeti, nampa kondakta wa basi la asubuhi, atakupigia akifika stendi. Nusu mpike. Nusu panda pale nyuma ya nyumba kabla mvua hazijakolea, na nafasi kati yake iwe pana kidogo, zinatambaa sana. Vumbi jeupe utakaloliona ni majivu, usizioshe zile za kupanda.

Wasalimie wajukuu.

Mama yako