Shukrani kwa mama wa maktaba

Mke wangu ni mzaliwa wa Melitopol, mji unaosifika kwa matunda ya cheri kusini mwa Ukraine, unaokaliwa na jeshi la Urusi tangu siku za mwanzo za uvamizi wa 2022. Tunaishi Leipzig, Ujerumani. Alipoandika habari za kwao kwa Kijerumani, aliyekabidhiwa kuisahihisha aliibadili sentensi baada ya sentensi, ikawa inasomeka kama taarifa ya habari. Mke wangu akaisusa.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu tuliyemkuta maktaba, akaomba aione ile ya kwanza. Alimwambia aisome kwa sauti, yeye kashika penseli. Akarekebisha sarufi tu; miti ya babu na safari za kuogelea Kyrylivka, kwenye Bahari ya Azov, aliziacha zilivyo. Kisha akauliza: huyu shangazi unayemtaja, bado yuko kule? Yuko. Basi, kwa usalama wake, wakafuta jina lake, mtaa, hata rangi ya geti. Hela alikataa katakata (jamu ya cheri alipokea, tena haraka).

Mama, ahsante sana. Nanyi mlioizoea lugha ya ugenini, ulizeni majirani zenu wageni. Wapo wenye madaftari kabatini. Mke wangu ameshaanza andiko la pili, la soko la kwao.