Makasha madogo ya kompyuta yauzwe pamoja na vipimo vyake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie makasha madogo ya kompyuta za mezani, ambayo yanapendwa na ofisi na vijana wanaojiundia mashine kwa kuwa hayali nafasi. Sina ugomvi na udogo wake. Ninacholalamikia ni kwamba wauzaji wengi hawamwelezi mnunuzi ni vifaa gani vitaingia ndani, wala joto litatoka nje kwa njia gani.

Ubao mama (ubao mkuu unaobeba vifaa vya kompyuta) wa saizi ndogo iitwayo Mini-ITX una milimita 170 kila upande, na aghalabu mnunuzi huambiwa hilo tu. Lakini ubao kuenea si hoja. Kipozaji cha prosesa cha aina ya mnara huweza kufika kimo cha milimita 155 au zaidi, ilhali makasha membamba kabisa hayapokei hata 70. Pawa saplai (kifaa kinachoipa kompyuta umeme) ya saizi ya kawaida, ATX, ina upana wa milimita 150 na kimo cha 86, na mengi ya makasha haya yanataka ile ndogo ya SFX, ambayo bei yake huwa juu zaidi. Hata vipimo vya kiwandani vina mtego, kwani urefu wa kadi ya michoro ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi huwa umepimwa kabla ya feni ya mbele kufungwa, na feni hiyo ina unene wa milimita 25. Kadi ikigota, fundi huing'oa feni, na hapo matatizo ya joto huanza.

Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi, hivyo feni ileile, kwa kasi ileile, huondoa joto pungufu. Prosesa inapokaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe, na mwenye mashine (nimeyaona haya mara nyingi) hukimbilia kutafuta virusi.

Wengine huacha ubavu wa kasha wazi ili mashine ipoe. Huku Arua nimefungua mashine za namna hiyo nikakuta vumbi jekundu la barabara za maramu limeshikamana katikati ya mapezi ya kipozaji kama blanketi. Afadhali feni za kuingiza hewa, zenye chujio la kuoshwa, zizidi nguvu zile za kuitoa, ili vumbi lisinyonywe kupitia nyufa. Na prosesa iwe ya wati 65, si ya 125, kwani wati zikizidi joto nalo huzidi.

Nawaomba wauzaji waandike kwenye lebo kimo cha kipozaji, urefu wa kadi feni ikiwa imefungwa, na aina ya pawa saplai. Ofisi zinazotangaza zabuni nazo zidai hayo kwa maandishi, na muuzaji asiyeyaandika akubali kurudishiwa kasha lisilofaa.

Fundi wa kompyuta,
Arua